Kinda Asipokuwa na Mpira

Oktoba 30, 2013, Philadelphia 76ers walifungua msimu wao wa NBA nyumbani kwa kuwakaribisha mabingwa watetezi, Miami Heat ya LeBron James. Michael Carter-Williams alikuwa na miaka 22 na hiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi. Alifunga pointi 22, akatoa asisti 12, akachukua ribaundi 7 na kupora mpira mara 9. Sixers wakashinda 114-110. Msimu ulipokwisha alikuwa na wastani wa pointi 16.7, asisti 6.3 na ribaundi 6.2 kwa mechi, na tuzo ya mchezaji bora kati ya wageni wa ligi ikawa yake. Februari 2015, msimu wake wa pili ukiwa bado unaendelea, klabu ikampeleka Milwaukee katika mabadilishano ya timu tatu. Ilichopata ni chaguo moja la drafti ya baadaye, lililokuwa mali ya Los Angeles Lakers.

Kumwachia kinda mwenye tuzo kwa ahadi ya mchezaji asiyejulikana bado ni jambo gumu kumweleza shabiki. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sababu yake ilionekana kwenye takwimu zilezile zilizompa sifa. Katika msimu wa tuzo Carter-Williams aliingiza asilimia 40 tu ya mitupo yake, na ile ya pointi 3 haikufika hata asilimia 27. Sixers walimaliza na ushindi 19 na vipigo 63, vikiwemo 26 mfululizo. Mpira ulikaa mikononi mwake kwa sababu timu haikuwa na mwingine wa kumpa. Popote alipokwenda baadaye, hakurudia tena wastani ule.

Kumpima kijana kwenye timu inayosukwa upya ni kazi ngumu kwa sababu hiyo. Timu mbovu kuliko zote katika NBA bado hufunga pointi 100 na zaidi kila usiku, na pointi hizo lazima zifungwe na mtu. Ukimpa kijana yeyote mwenye kipaji cha kutosha kuingia ligi hiyo dakika 35 na mitupo 17, atarudi na namba za kupendeza. Baadhi atazipata mechi ikiwa imeshaamuliwa, wapinzani wameshapumzisha watu wao wa kwanza, na hakuna anayemkaba kwa nia. Meneja anayezisoma namba hizo kama zilivyo atalipa mamilioni kwa kitu ambacho timu yake itakuwa haina haja nacho mara tu itakapoanza kushinda.

Kwa hiyo mimi naamini katika swali moja kuliko mengine yote: kijana huyu atabaki na nini siku mpira utakapohamia kwa mwenzake aliye bora kuliko yeye? Kusuka timu upya kukifanikiwa, mchezaji huyo bora atakuja. Uwanjani kuna mpira mmoja na watu watano, na kati ya hao wanne huwa mikono mitupu kila wakati. Karibu kila kinda anayeonekana nyota kwenye timu ya ushindi 20 ataishia kuwa mmoja wa hao wanne kwenye timu ya ushindi 55. Thamani yake inapatikana hapo: anakaba nani, kama anaogopwa akiwa amesimama pembeni, anaamua haraka kiasi gani mpira ukimfikia kwa sekunde moja.

Timu iliyoelewa jambo hili kuliko nyingine yoyote katika miaka ya karibuni ni Oklahoma City Thunder. Julai 2019 meneja mkuu Sam Presti alimpeleka Paul George kwa Los Angeles Clippers na kupokea Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo 5 ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana mengine 2. Siku chache baadaye Russell Westbrook naye akaenda Houston. Msimu wa 2020-21 Thunder walishinda mechi 22 na kupoteza 50. Uliofuata walipoteza 58, na Desemba 2, 2021, mjini Memphis, walichapwa 152-79, tofauti ya pointi 73 ambayo ni kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Kutoka hapo wakapanda hadi ushindi 40, kisha 57, kisha 68. Juni 22, 2025 waliifunga Indiana Pacers katika mechi ya saba ya fainali na kuwa mabingwa.

Gilgeous-Alexander mwenyewe anaonyesha kwamba si kila namba ya timu dhaifu ni povu. Katika msimu ule wa ushindi 22 alicheza mechi 35 kabla ya kuumia mguu, akawa na wastani wa pointi 23.7. Kwa juu hizo ni pointi za kinda yeyote aliyeachiwa timu. Ila aliingiza zaidi ya nusu ya mitupo yake yote na karibu asilimia 42 ya ile ya pointi 3, huku kila mpinzani akijua kwamba ukimzima yeye umeizima Thunder nzima. Mzigo ukiongezeka, ubora wa mitupo ya mchezaji wa kawaida hushuka. Wake ulipanda. Alama kama hiyo ni adimu, na inapojitokeza kwenye timu inayofungwa kila wiki inastahili kuaminiwa mapema.

Timu dhaifu inaweza pia kuficha uwezo. Desemba 26, 2023, Cade Cunningham wa Detroit Pistons alifunga pointi 41 dhidi ya Brooklyn Nets na timu yake ikafungwa kwa mara ya 27 mfululizo. Mfululizo huo ulifika 28, na msimu ukaisha kwa ushindi 14 na vipigo 68. Wengi walihitimisha kwamba makinda wa Detroit hawafai: Cunningham, chaguo la kwanza la 2021, anafunga bila kushinda, Jalen Duren hajui kukaba, Ausar Thompson, chaguo la tano la 2023, hana mtupo wowote. Msimu uliofuata klabu ilikuwa imembadilisha kocha Monty Williams kwa J.B. Bickerstaff na kuwaleta Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr., watu wazima wanaojua kutupa kutoka mbali. Vijana walibaki walewale. Pistons wakashinda mechi 44.

Ukiangalia kilichobadilika uwanjani utaona ni nafasi. Kabla ya hapo Cunningham alipomzunguka mlinzi wake alikuta watu wawili wamesimama chini ya kikapu, kwa kuwa hakuna aliyehofia wenzake waliokuwa pembeni. Beasley na Hardaway walipokaa pembeni, wale wawili wakalazimika kutoka, na pasi ile ile iliyokuwa ikigonga mikono ya watu ikawa inamfikia Duren akiwa peke yake hewani. Cunningham alimaliza na pointi 26.1 na asisti 9.1 na kuchaguliwa kwenye timu ya tatu ya nyota wa ligi. Nina hakika baadhi ya makinda wanaoachwa kila mwaka wana hali kama ya Detroit ya 2023: hukumu inayotolewa juu yao inaihusu timu iliyowazunguka. Klabu inayosuka kikosi kwa vijana watupu, bila hata wakongwe wawili wanaojua kusimama mahali panapotakiwa, inajinyima hata uwezo wa kujua ina nini mkononi.

Basi mtazamaji ashike nini? Mitupo huru, kwanza kabisa. Asilimia ya pointi 3 ya kijana katika msimu mmoja hupanda na kushuka kwa bahati, hasa akiwa ametupa mara chache. Mitupo huru hufanywa bila mlinzi, kutoka umbali uleule, na inaeleza zaidi mkono wake ukoje. Umri pia una uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu miaka 19 na miaka 22 ni viwango viwili tofauti hata namba zikilingana. Lakini umri ukitumiwa kama panga unawakata watu wasiostahili. Jalen Williams alikaa miaka 3 katika Chuo Kikuu cha Santa Clara, chuo kisicho na jina kubwa katika mpira wa kikapu, na aliingia drafti ya 2022 akiwa na miaka 21. Thunder walimchukua wa 12, kwa chaguo lililotoka kwa Clippers katika biashara ile ya Paul George. Mikono yake ikinyooshwa inapita mita 2.1, alijua kupiga pasi kama mchezesha timu, na alikuwa tayari kucheza bila mpira. Katika msimu wa kwanza aliingiza asilimia 52 ya mitupo yake akiwa chini ya kivuli cha Gilgeous-Alexander. Katika mechi ya tano ya fainali za 2025 alifunga pointi 40.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Luguentz Dort, kwa kuwa udhaifu wake ulionekana na ulimwengu mzima. Kijana huyu wa Montreal hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti ya 2019. Thunder walimpa mkataba wa njia mbili, ule unaomfanya mchezaji ahame kati ya kikosi kikuu na timu ya ligi ya chini, G League. Mwaka 2020 wakamkabidhi kazi ya kumkaba James Harden wa Houston katika mchujo. Houston walijibu kwa njia rahisi: walimwacha Dort peke yake nje ya mstari wa pointi 3 na kutumia mlinzi wake kusaidia kwingine. Mechi baada ya mechi alitupa na kukosa. Katika mechi ya saba, Septemba 2, 2020, alifunga pointi 30, na Harden aliingiza mitupo 4 kati ya 15. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mtupo wa Dort ambao ungewapa Thunder uongozi ulizuiwa na Harden mwenyewe.

Mtu angeweza kusoma mechi ile kama usiku wa bahati, na kwa upande wa pointi 30 angekuwa na haki. Ila ukabaji haukuwa wa usiku mmoja. Dort tayari alikuwa na kitu ambacho timu yoyote nzuri inakihitaji, na kilichobaki ni kujua kama mkono wake utakubali kufundishwa. Msimu wa 2019-20 aliingiza chini ya asilimia 30 ya mitupo ya pointi 3. Kufikia 2023-24 alikuwa kwenye 39.4, na msimu wa ubingwa 41.2, akiwa pia kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi. Miaka yote ile ya vipigo aliruhusiwa kutupa na kukosa. Hiyo ndiyo faida pekee ya kweli ya kuwa timu mbovu: una muda wa makosa. Timu inayotafuta ubingwa ingemweka benchi kufikia Krismasi ya kwanza.

Josh Giddey alikuwa na udhaifu uleule na mwisho tofauti kabisa. Thunder walimchukua wa sita mwaka 2021 akiwa na miaka 18, Mwaustralia mrefu mwenye macho ya ajabu ya kuona pasi. Timu ilipokuwa ikifungwa mpira ulikuwa wake, na namba zake za pointi, ribaundi na asisti zilimfanya aonekane nguzo ya baadaye. Kisha Gilgeous-Alexander akawa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi, Jalen Williams akakua, kinda mwingine, Chet Holmgren, akapona mguu, na Giddey akajikuta amesimama pembeni. Katika mchujo wa 2024 Dallas Mavericks walimfanyia kile Houston walichomfanyia Dort. Walimwacha. Kufikia mechi ya tano ya mfululizo ule alikuwa ameondolewa kwenye watano wa kuanza.

Tofauti ya vijana hawa wawili ni kwamba Dort asipotupa bado ana kazi, kumkaba mtu hatari kuliko wote upande wa pili, wakati thamani ya Giddey ilihitaji mpira. Klabu ilimweleza kwamba angeweza kutoka benchi na kuongoza kikosi cha pili, na kwa maelezo ya Presti kijana alishindwa kujiona katika nafasi hiyo. Simlaumu. Alikuwa na miaka 21, kipaji kikubwa, mkataba mpya ukikaribia. Kwa nini angekubali kupunguziwa? Juni 2024 akapelekwa Chicago kubadilishana na Alex Caruso, mtu wa miaka 30 asiye na namba za kutisha lakini anayekaba yeyote. Mchezaji mmoja kwa mmoja, bila chaguo lolote juu yake. Mwaka mmoja baadaye Caruso alikuwa bingwa, na Giddey, aliyepewa mpira Chicago, alipata mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 100. Kila klabu ilipata mtu aliyeifaa.

Watanzania tunalijua somo hili kwa uchungu kupitia Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na takriban miaka 15, mwenye urefu wa mita 2.21, alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mechi katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili. Harden alienda wa tatu na Stephen Curry wa saba, na tangu hapo jina la Thabeet limetajwa zaidi kwa ajili ya waliomfuata kuliko kwa ajili yake. Naona haijasemwa vya kutosha kwamba Memphis walimchagua senta asiyeiva huku wakiwa tayari na Marc Gasol, aliyekuwa akikua kwa kasi, na mwezi uliofuata wakamleta Zach Randolph. Timu iliyotoka kushinda mechi 24 ikashinda 40. Dakika za makosa zikaisha.

Thabeet alicheza kama dakika 13 kwa mechi, na ndani ya hizo alizuia mitupo 1.3, kiwango kizuri kabisa kwa muda huo. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, mchezaji wa chaguo la juu kuliko wote waliowahi kushushwa ligi ile ya chini hadi wakati huo. Mwaka uliofuata akaenda Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis. Udhaifu alikuwa nao: miguu yake haikuwa ya haraka, na michezo ya kumvuta senta mbali na kikapu ilikuwa ikianza kutawala. Hata hivyo mtu aliyeanza mchezo kwa kuchelewa anahitaji mechi nyingi kuliko wengine, na alipelekwa mahali palipokuwa na mechi chache kuliko kwingine kote.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipata kinyume chake. Aliingia 2011 kama chaguo la saba na kuangukia Charlotte iliyoshinda mechi 7 na kupoteza 59, kiwango kibaya kuliko vyote katika historia ya ligi. Dakika alizipata tele. Hakuwa na mtupo, mitupo huru ilimsumbua, na kwenye timu iliyolilia pointi alionekana mzigo. Mwaka 2015 Charlotte walimwacha aondoke bila kumpa hata ofa ya kumzuia, naye akaenda Toronto kwa mshahara wa chini ya dola milioni 3 kwa mwaka. Mei 2016, senta wa kwanza Jonas Valančiūnas akiwa majeruhi, Biyombo alichukua ribaundi 26 katika mechi ya tatu ya fainali ya Mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron. Toronto walikuwa na Kyle Lowry na DeMar DeRozan wa kufunga. Walichokosa ni mtu wa kulinda kikapu na kugombea kila mpira uliokosa. Miezi miwili baadaye Orlando walimpa dola milioni 72 kwa miaka 4. Kijana alikuwa yuleyule wa Charlotte.

Juu ya yote hayo kuna saa inayokimbia. Mchezaji wa raundi ya kwanza husaini miaka 4, lakini miwili ya mwisho ni hiari ya klabu, na hiari ya mwaka wa tatu lazima iamuliwe kabla ya mwisho wa Oktoba mwanzoni mwa msimu wa pili. Yaani kijana wa miaka 20 anahukumiwa kwa msimu mmoja. Baada ya wa tatu mazungumzo ya mkataba mkubwa yanaanza, na bei hupangwa kwa namba zilezile zilizopatikana wakati timu haina mtu mwingine. Nafasi za mkataba kamili ni 15 tu. Thunder walikuwa na machaguo mengi kuliko viti, na walijifunza kutoshikilia mtu kwa sababu tu walimchagua: Aleksej Pokusevski, chaguo la 17 la 2020, aliachwa; Isaiah Joe, aliyeachwa na Philadelphia Oktoba 2022, akapata kiti kwa sababu ya jambo moja analolifanya vizuri, kutupa kutoka mbali bila kuhitaji kudunda mpira.

Kiangazi cha 2025 bei ilifika. Gilgeous-Alexander, Holmgren na Jalen Williams walisaini mikataba ambayo kwa pamoja inaweza kupita dola milioni 800. Chini ya makubaliano ya 2023 kati ya ligi na wachezaji, klabu inayovuka kiwango cha pili cha matumizi hunyimwa haki ya kuunganisha mishahara ya wachezaji kadhaa ili kumpata mmoja, na chaguo lake la miaka saba mbele hufungiwa. Kwa hiyo benchi la mabingwa lazima lijazwe na vijana wa bei nafuu mwaka hadi mwaka, na vijana hao hawatakuwa na misimu mitatu ya kukosea kama aliyokuwa nayo Dort. Ajay Mitchell, Mbelgiji aliyechaguliwa wa 38 mwaka 2024, alianza na mkataba wa njia mbili kwenye timu iliyokuwa ikishinda karibu kila usiku. Hakuna aliyemkabidhi mpira dakika 35. Alipewa dakika za kuhesabu kando ya watu walio bora kuliko yeye, akatakiwa kukaba, kuhamisha mpira kabla mlinzi hajafika, na kutupa anapoachwa. Kufikia Februari 2025 alikuwa amepewa mkataba kamili.